Nyumba Isiyo na Kivuli

Endamarariek,
S.L.P. Karatu
17 Februari 1980

Mdogo wangu Wilibrodi,

Pokea salamu za huku juu kwenye baridi. Sisi ni wazima, ukiacha kikohozi cha shemeji yako Thomasi ambacho kimehamia kwake kama mke wa pili. Watoto wanasoma. Ng'ombe mweupe wa Mama amezaa ndama dume, na Mama amempa jina lako, kwa sababu anasema analala sana na anapenda kubembelezwa. Usikasirike, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Sabuni haijaonekana dukani tangu kabla ya Krismasi. Ile blauzi uliyomtumia Mama imefika, anaivaa Jumapili tu, na akitoka kanisani anaivua mara moja kana kwamba imekodishwa.

Sasa nisikilize, maana sikushika kalamu kwa ajili ya blauzi.

Ule mradi wa bwawa umeanza kweli. Watajenga tuta chini kwenye bonde letu la Haymuru, maji yakusanyike kwa ng'ombe na bustani. Si jambo baya. Wenye nyumba bondeni na kwenye miteremko wanahamishiwa kando ya barabara, na kila nyumba inapewa kiwanja na mabati ishirini. Walipita vijana na rangi nyekundu wakaandika namba kwenye milango. Nyumba arobaini na tatu. Wameandika namba hata kwenye banda la kuku la Raphaeli kwa sababu alilijenga refu. Kwa Mama hawakuandika kitu.

Nikaenda Karatu kwa miguu, kwenye ofisi ya mradi. Yuko bwana mmoja anaitwa Clemensi, mpole, ana kalamu tatu mfukoni. Akanipeleka mezani. Wilibrodi, niliona ajabu. Bonde letu lote liko juu ya meza ile, kubwa kama kitanda cha mtoto. Vilima vimepangwa kwa makaratasi magumu, moja juu ya jingine, na nyumba ni vipande vya mti vidogo kama punje za mahindi. Nililiona kanisa. Nikaiona nyumba yangu mwenyewe, huku juu kando ya barabara, na paa lake la mgongo. Anasema sanamu hiyo imetengenezwa Dar es Salaam kwa picha zilizopigwa na ndege. Basi nikaufuata mto kwa kidole hadi kwetu. Kwetu ni karatasi tupu iliyopakwa kijani.

Nikamwambia, hapa pana nyumba, mama yangu analala humo. Akaniambia, "Mama, ndege haina sababu ya kudanganya. Hapa ni majani." Nikamwambia hayo majani ndiyo paa, ni tembe, limechimbiwa kwenye mteremko na juu yake kuna udongo. Akasema anaweza kuniamini, lakini orodha imetoka na hiyo sanamu, na hawezi kuongeza nyumba kwa maneno ya mdomo. Mpaka ofisi iliyoitengeneza iandike barua. Na kwa kuwa mteremko wetu ni mtupu, ndipo walipoweka alama ya kuchimba udongo wa tuta.

Umeelewa? Mama hana namba, hana kiwanja, na tingatinga litakuja kuchota udongo pale pale alipo.

Wewe unafanya kazi na hao watu wa picha za ndege. Mtafute fundi aliyetengeneza sanamu hii, umwambie aongeze kipande kimoja cha mti, au aandike mistari miwili tu. Kazi haitaanza mpaka masika yaishe. Tuna muda, lakini usiulalie kama ndama wako.

Ni mimi dada yako,
Germana

*

Dar es Salaam
23 Machi 1980

Kwa Dada Germana,

Ninaandika nikitumaini kwamba wewe, shemeji Thomasi, watoto na Mama mko salama. Mimi ni mzima, ila joto la huku linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa. Mwambie shemeji anywe maji ya moto yenye asali, na asivute ile tumbaku ya mnadani. Nimefurahi kusikia habari za ndama.

Barua yako ilichukua majuma manne, nadhani kwa ajili ya mafuta kukosekana na mabasi kupungua. Nimeisoma kwa makini. Ningependa kwanza ufahamu jinsi kazi hii inavyofanyika, ili usiwalaumu watu bure.

Ndege hupita ikipiga picha moja baada ya nyingine, na kila picha hurudia sehemu ya ile iliyotangulia. Fundi huziweka mbili chini ya darubini ya macho mawili, na hapo ardhi huinuka: vilima vinasimama, miti inasimama, nyumba zinasimama. Kila kinachosimama anakipima kimo, kisha anakata kipande cha mti kwa kipimo hicho. Hachongi milango wala madirisha. Anaacha umbo tu, kuta nne na paa. Pia anaangalia kivuli, kwa sababu kitu kirefu lazima kiwe na kivuli. Kuna kanuni kwamba kitu kisichofika mita mbili kutoka ardhini kinaachwa. Bila kanuni hiyo tungekata vichuguu na vihenge vya nafaka mpaka uzee. Nyumba ya Mama, kama unavyojua, haina kivuli kwa nyuma, na kwa mbele kivuli chake ni chembamba sana. Kwa hiyo fundi huyo, yeyote aliye, alifuata kanuni.

Nitaulizia ni nani aliyeifanya. Ofisi yetu ni kubwa na kazi hupita mikono mingi.

Kwa upande wangu kuna habari njema. Nimependekezwa kwenda Ulaya kusoma kwa miezi kumi na nane. Mkuu wangu aliisifu kazi yangu moja ya mwaka jana mbele ya wageni, akasema haina dosari hata moja. Majina yatathibitishwa mwezi wa nane. Naomba mniombee.

Jambo moja dogo: ukienda tena kwa Bwana Clemensi, si lazima umwambie kwamba una ndugu katika ofisi hii. Inaweza kuonekana kama upendeleo.

Msalimie sana Mama.

Mdogo wako,
Wilibrodi

*

Endamarariek
2 Juni 1980

Mdogo wangu,

Masika yalitufunga. Barabara ya kutoka Karatu ilikatika mara mbili, na lori la mahindi lilikaa kwenye tope siku tisa, dereva akapikiwa na wanakijiji hadi akataka kuoa. Barua yako niliipata mwishoni mwa Aprili. Thomasi anakunywa asali, tumbaku hajaacha. Mtoto wetu wa mwisho amepata kipaimara. Senteu, yule Mmasai rafiki wa Mama anayemletea maziwa kutoka upande wa Ngorongoro na kuondoka na mahindi, anakusalimu pia. Anauliza kama Dar es Salaam ng'ombe wanakunywa chumvi ya baharini.

Nimeyasoma maelezo yako ya darubini mara tatu, na kila mara nimejifunza kitu ambacho sikukuuliza. Nilikuuliza fundi ni nani.

Mama mwenyewe alikwenda Karatu mwezi uliopita. Sikumtuma. Alisikia watu wakiizungumzia hiyo sanamu, akavaa blauzi yako siku ya Alhamisi, nikajua ameazimia. Nikamfuata. Pale ofisini aliinama juu ya meza akatafuta kwa kidole, polepole, kama anavyochambua mchele. Alipofika kwetu akasimamisha kidole. Clemensi akamweleza yale aliyonieleza mimi, na mengine zaidi, ambayo sitayaandika. Nilidhani atalia. Hakulia. Njia nzima ya kurudi hakulalamika hata kidogo, na tulipofika akampa ndama chumvi, akaimba.

Tangu siku hiyo amekataa kuhama. Nimemwambia aje kwangu, chumba kipo. Anasema ana nyumba. Nimemwambia tingatinga litakuja. Anasema litapita. Amenikataza pia kukuandikia habari hizi, na sababu yake anaijua yeye. Kwa hiyo naandika nikiwa shuleni, kwenye dawati la mwalimu wa mwanangu.

Sasa nakuuliza tena, Wilibrodi. Je, yule fundi umempata?

Dada yako,
Germana

*

Dar es Salaam
5 Julai 1980

Dada Germana,

Salamu zangu kwa wote nyumbani. Hongera kwa kipaimara cha mtoto, nimemtumia rozari kwa mkono wa mtu anayekuja Arusha. Nimeugua malaria siku tano, sasa nina nafuu.

Kuhusu fundi, bado sijapata jibu kamili. Baadhi ya majalada yamehamishwa. Hata hivyo ninafikiri tunaweza kusaidia jambo hili kwa njia ya kitaalamu. Naomba mpime nyumba: urefu, upana, na kimo cha ukuta wa mbele kutoka nje. Shemeji ana futi ya seremala. Mkinitumia vipimo hivyo nitaviwasilisha panapohusika, na kipande kinaweza kukatwa kwa usahihi.

Mshawishi Mama ahamie kwako kwa muda. Ni kwa nini anakataa? Mwambie ni mimi ninayeomba.

Mkuu wangu ameniambia kwamba hakuna kilichobaki ila sahihi. Ninajitahidi kutojiingiza katika jambo lolote la utata kwa wakati huu. Utanielewa.

Wilibrodi

*

Endamarariek
27 Julai 1980

Wilibrodi,

Tumepima. Thomasi alishika futi, mimi nikaandika. Urefu mita kumi na moja na nusu. Upana mita sita. Ukuta wa mbele, ukisimama nje, unafika mita moja na robo. Ukuta wa nyuma hauna kimo, mbuzi wanatembea kutoka mlimani mpaka juu ya paa bila kuruka. Ndani, ukishashuka, Thomasi anasimama wima na mkono wake haugusi boriti. Lakini haya yote unayajua. Ulizaliwa humo. Ulivunjika jino kwenye kile kizingiti.

Vijana wa mradi wamekuja na vigingi. Kimoja wamekipiga hatua saba kutoka mlangoni kwa Mama. Walimkuta amekaa nje, wakamsalimia, wakaendelea kupiga. Walidhani ni bibi anayechunga.

Tingatinga liko Karatu, linangoja dizeli. Kwa mara ya kwanza maishani namshukuru Mungu kwa shida ya mafuta.

Sihitaji kipande cha mti. Nahitaji karatasi moja kwenda kwa Clemensi, yenye mstari mmoja: hapa pana nyumba. Atatii, ameniapia. Anasema anayo rangi nyekundu bado kwenye kopo. Andika wewe, hata bila huyo fundi.

Mama nilimwambia ni wewe unayeomba ahame. Alitabasamu akasema, "Anasema hivyo kwenye barua." Sikumweleza zaidi na wewe sikuelezi.

Germana

*

Dar es Salaam
30 Agosti 1980

Dada,

Haraka haraka. Majina yametoka, limo langu. Naondoka tarehe 18 Septemba. Kuna pasipoti, chanjo, suti ya kuazima, na kila ofisi ina foleni. Vipimo nimevipata, ahsante. Barua kwa Bwana Clemensi nitaiandika nikishafika huko na kutulia, nitakuwa huru zaidi kusema. Dizeli haitapatikana hivi karibuni, hata huku magari ya serikali yamelala. Kwa hiyo msiwe na hofu.

Nawatumia sabuni miche minne na kilo mbili za sukari. Mpe Mama mche mmoja mkononi, umwambie ni kutoka kwangu.

Wilibrodi

*

Endamarariek
28 Septemba 1980

Mdogo wangu,

Sijui kama barua hii itakukuta au itakufuata. Nimeiandika anwani ya zamani, wataipeleka wanapojua.

Sabuni na sukari zimefika. Ahsante.

Dizeli ilipatikana. Lilikuja lori moja kutoka Arusha tarehe 9, na kesho yake kazi ikaanza. Nyumba ya Mama haipo tena. Udongo wake ni mzuri, wanasema, mwekundu na unashikana.

Mama yuko kwangu. Ameumia kiuno kidogo. Anakula uji. Usikatishe masomo, amesema hivyo mara nyingi na amenitaka nikuandikie hivyo. Ndama wako mdogo hatuko naye tena.

Watoto wanakusalimu. Thomasi amepunguza tumbaku.

Germana

*

Ulaya
2 Novemba 1980

Dada yangu Germana,

Barua yako imenifuata mpaka huku, katika mji ambao giza linaingia saa kumi jioni. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya bweni na sijui nilikaa chini saa ngapi. Umeandika "kidogo". Wewe hujawahi kuwa mtu wa kidogo, dada, ndiyo maana naogopa. Ameumiaje? Alikuwa wapi tingatinga lilipofika? Niandikie bila kunificha.

Na mimi sitakuficha tena. Fundi ni mimi.

Ile sanamu, ambayo sisi tunaiita modeli, niliifanya mwenyewe kwa miezi minne, kuanzia vilima hadi banda la kuku la Raphaeli. Niliomba nipewe kazi ile kwa sababu ni kwetu. Siku ya kwanza nilipoweka zile picha mbili chini ya darubini na bonde likainuka, nililia, na nikasingizia vumbi. Niliijua kila nyumba. Nilikata ya kwako nikaipiga msasa mara tatu ili mgongo wa paa uwe sawa.

Halafu nikafika kwetu. Kanuni ya mita mbili ipo kweli, lakini sikuhitaji kanuni kuniambia. Picha zilipigwa mwezi wa nane, wakati wa mavuno. Katikati ya yale majani palikuwa na doa jeupe, la mraba, lililonyooka pembeni. Mama alikuwa ameanika mahindi juu ya paa. Dada, niliyaona mahindi. Karibu na mlango palikuwa na nukta moja nyeusi, na nilijiambia kwamba nukta hiyo ni yeye, ameinua uso kuitazama ndege.

Mkuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na wenzangu wawili. Akaweka ncha ya penseli juu ya lile doa, akauliza, "Hiki nini?" Juma lile lile walikuwa wamecheka sana ofisini juu ya watu wa bara wanaoishi chini ya ardhi kama nguchiro. Na mimi nilicheka nao. Sasa penseli iko juu ya mama yangu na ananiuliza ni nini. Nikajibu, "Ni mwamba." Akasema vizuri, akaondoka. Nikapaka kijani.

Nilidhani ni aibu ndogo ambayo hakuna atakayeijua. Ulipoandika Februari ningeweza kusema. Lakini modeli ile ndiyo iliyonipa safari, wameisifu kwamba haina dosari, na mimi ndiye ningekwenda kumwambia mkuu kwamba ina dosari na kwamba niliijua. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao. Sina neno la kujitetea.

Nimemwandikia Bwana Clemensi leo pamoja na barua hii, nimekiri yote, ili Mama apewe kiwanja na mabati yake. Nakala nimepeleka kwa mkuu wangu. Wanaweza kunirudisha.

Nakuomba jambo moja. Msomee Mama barua hii yote, usiruke kitu. Nataka anihukumu yeye.

Wilibrodi

*

Endamarariek
14 Desemba 1980

Wilibrodi,

Leo sina salamu za kuanzia. Mama alifariki Jumatano tarehe 19 Novemba, asubuhi, kitandani kwangu, wakati nainjika maji ya uji wake. Barua yako ilifika tarehe 1 Desemba.

Tulimzika kwenye kiwanja cha kanisa, kwa sababu kule kwetu hakuna tena pa kumzika. Watu walikuwa wengi. Senteu alitembea siku mbili kutoka Ngorongoro, akaleta mafuta ya kondoo ambayo yeye na Mama walikuwa wameahidiana, akasimama nayo mpaka mwisho hajui ampe nani.

Uliniomba nisikufiche. Haya. Siku ile ya tarehe 10 nilikuwa Karatu, nimekwenda posta kuangalia kama kuna barua yako kwa Clemensi. Haikuwepo. Dereva wa tingatinga anaitwa Josephati, ametoka Singida, hajawahi kuona nyumba kama yetu. Alifuata vigingi akitokea juu mlimani. Aliona majani, akaenda. Boriti ya kati ilivunjika chini ya mnyororo wa tingatinga, na mbele ya mashine ikazama. Anasema alidhani ni shimo lililochimbwa na mhanga, mpaka aliposikia ndama akilia chini yake. Mama alikuwa humo anasaga. Senteu, aliyekuwa ameleta maziwa siku hiyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufukua, kwa mikono, na Josephati akafukua naye huku akilia kama mtoto. Ndama alikufa. Mama alivunjika nyonga na mfupa wa paja. Hospitali walimfunga, wakasema kwa umri wake tumrudishe nyumbani. Josephati alikuja kila Jumapili na mzigo wa kuni. Mama alimpenda.

Sasa barua yako. Nilijua tangu Mei. Yale ambayo Clemensi alituambia na nikasema sitayaandika ni jina lako. Limeandikwa kwenye kona ya ubao wa ile sanamu kwa wino mweusi, na alituonyesha kwa furaha, akasema mtengenezaji ni mtoto wa huku huku. Kwa hiyo kila nilipokuuliza fundi umempata, nilikuwa namwandikia fundi. Nilitaka useme mwenyewe. Labda na mimi nilikosea. Ningeandika "najua ni wewe" mwezi wa sita, pengine ungeona haya ya namna nyingine na Mama angekuwa hai. Hilo nalibeba mimi, sikugawii.

Lakini nisingekuwa na hasira kama ungekuwa umekosea. Watu hukosea. Wewe uliona mahindi.

Na sasa nikuambie lile ambalo Mama alinikataza.

Siku ile ofisini, aliposikia jina lako na kidole chake kiko juu ya ile karatasi ya kijani, alicheka kwa ndani. Tulipokuwa njiani akaniambia, "Germana, hukuelewa?" Akanikumbusha kwamba babu aliichimbia nyumba ile mlimani wakati wa vita vya ng'ombe, ili wavamizi wapite juu bila kuiona. Walipita kweli, na mikuki yao, juu ya vichwa vya watu, na watoto wakazibwa midomo, na hakuna aliyeonekana. Akasema, "Mtoto amefanya kama babu yake. Ametuona kutoka juu akatufunika. Wengine wote wameandikwa namba, wanahamishwa. Sisi ametuficha."

Nilimwambia si hivyo, Mama. Akaniambia nina wivu, tangu utoto nina wivu na wewe.

Ndiyo sababu hakuhama. Ndiyo sababu alinikataza kukuandikia, kwa kuwa barua hufunguliwa na ungefungwa kwa kuidanganya serikali kwa ajili yake. Ulipomwomba ahame, alidhani unajikinga na wanaosoma barua. Hata baada ya tingatinga hakubadilika. Alisema dereva ni mgeni, amepotea njia, lakini Wilibrodi alifanya lake. Majuma yale yote kitandani, kila jioni alisali usigundulike.

Uliniomba nimsomee barua yako yote nisiruke kitu. Nimemshukuru Mungu kwamba posta yetu ni mbovu.

Clemensi naye ameipata yake. Alikuja nyumbani na mabati ishirini kwenye Landrova, akayapanga ukutani, hakuweza kunitazama. Hakuna aliyeniuliza, na sijawaambia watu ulichokiri. Thomasi hajui.

Utarudi siku moja, wakikurudisha au ukimaliza. Njoo. Lakini ujue kinachokungoja. Mama aliwanong'oneza wote, kanisani, kisimani, mnadani, akiwaapisha wasimwambie mtu wa serikali, jinsi mwanawe alivyoihatarisha kazi yake kubwa ili kuficha nyumba ya mama yake. Watakuja kukuona. Watakuketisha mahali pa heshima, watakupa maziwa, na mmoja baada ya mwingine watakushukuru. Nami nitakuwa nimekaa pale pale karibu nawe, na sitasema neno.

Dada yako,
Germana